Usilaumu Lugha ya Mama Mtoto Akichelewa Kusema

Katika mitaa mingi ya Nairobi na Mombasa, mtoto husikia lugha tatu au nne kabla ya kuanza shule. Baba ana yake, mama ana yake, yaya na majirani hutumia Kiswahili, nayo chekechea yadai Kiingereza. Mtoto huyo akifika miaka mitatu bila kuunga maneno, ushauri hutolewa upesi: acheni lugha ya nyumbani, mwongeleshe Kiingereza pekee.

Ushauri huo hauna msingi, na una madhara.

Mnamo 1997, mtafiti Bruce Tomblin na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wa chekechea nchini Marekani. Watoto hao walizungumza Kiingereza tu. Hata hivyo, karibu 7 kati ya kila 100 walipatikana na tatizo la lugha lisilotokana na uziwi wala upungufu wa akili. Ikiwa kuchanganya lugha ndicho chanzo, hao walichanganya nini?

Tatizo hili aghalabu huwa la ukoo. Mtoto hupata taabu kushika maneno mapya, kuelewa maagizo marefu na kupanga sentensi. Akiwa nalo, litajitokeza katika kila lugha aliyolelewa nayo. Kumwondolea lugha moja hakumsaidii. Kunamtenga na nyanya yake, na mama anayebabaisha Kiingereza humsemesha mtoto kidogo kuliko ambavyo angefanya kwa lugha aliyoizoea.

Kosa jingine ni kumpima kwa Kiingereza tu. Mtoto mwenye maneno 20 ya Kikamba, 20 ya Kiswahili na 10 ya Kiingereza ana maneno 50, si 10. Huko Kilifi, watafiti waliandaa vipimo vya Kiswahili na Kigiriama ambapo mzazi, hata asiyejua kusoma, huulizwa maneno ambayo mwanawe anajua. Matokeo yao yalichapishwa 2015. Yafaa kazi kama hiyo ifanyiwe lugha zetu nyingine, na kaunti ziajiri wataalamu wa matamshi na lugha.

Nawe mzazi, iwapo mwanao ametimiza miaka miwili na haungi hata maneno mawili kama "mama maji", usitulizwe na wanaosema ataongea tu. Kweli, wengi huongea baadaye, lakini si rahisi kujua mapema ni nani atakayebaki nyuma. Anza kwa kupimwa masikio, kisha umwone mtaalamu na umweleze lugha zote zinazotumika nyumbani.

Wakati huo huo, endelea kumsemesha mwanao kwa lugha unayoimudu vyema. Mtoto asiyeelewa maswali ya mwalimu huitwa mjinga au mkaidi kabla ya yeyote kumchunguza, na jina hilo likishamganda, si rahisi kulibandua.