Aliuza kibanja kwa sababu hakuwa na wa kumtunza

Agosti 24, 1988, mama mmoja mzee wa Muleba aliuza kibanja alichoachiwa na baba yake kwa wosia. Alilipwa Sh 300,000. Uzee ulikuwa umemlemea na hakuwa na mtu wa kumtunza. Wa kumshtaki alipatikana siku iliyofuata: mpwa wake alifungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akitaka mauzo yabatilishwe kwa kuwa mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo na muuzaji ni mwanamke.

Mpwa hakuwa anabahatisha. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze. Na kwa Wahaya kibanja si migomba na mibuni tu, ni mahali walipozikwa wazee. Uchungu wa ukoo unaeleweka. Lakini makaburi hayampeleki mgonjwa hospitali.

Mahakama ya Mwanzo ilimpa mpwa ushindi, Mahakama ya Wilaya Muleba ikautengua, shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza. Februari 22, 1990, katika kesi inayojulikana kama Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji James Mwalusanya alisema kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Ukoo ukilitaka shamba, ulikomboe kwa kulipa zile laki tatu ndani ya miezi sita.

Wengi huishia hapo wakidhani mambo yamekwisha. Hukumu ile ilihusu kuuza. Upande wa urithi, kanuni za 1963 zinamweka mtoto wa kike daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua, katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga, lakini ikakataa kuzifuta.

Kwa hiyo mzazi wa Bukoba au Muleba anayetaka binti yake apate sehemu ya kibanja asitegemee kikao cha ukoo baada ya matanga. Yule mama mwenyewe alikuwa na shamba kwa sababu baba yake aliacha wosia. Kwa utaratibu wa mila, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kwa anayejua kusoma na kuandika, wawili wanatosha: mmoja wa ukoo, mwingine mtu baki. Unaweza kuhifadhiwa RITA.

Na kabla ya kugawana mipaka, kaeni mwandike pia nani atalala na bibi akiugua, na dawa zake zitanunuliwa kwa fedha za nani.