Darasa la Nesi, sehemu ya 7: Mwanafunzi akija leba, umkatae?

Dada mmoja kaniandikia kwamba alimkataa mwanafunzi leba, sasa roho inamsuta. Mdogo wangu, kukataa ni haki yako. Ila ngoja nikupe kisa cha Marekani kwanza.

Karne ya 19 vyuo vingi vya udaktari kule vilikuwa biashara. Maprofesa walilipwa ada na wanafunzi wenyewe, kwa hiyo ukimfelisha mtu unajipunguzia kipato. Masomo yalikuwa mihula miwili ya miezi kama minne, na wa pili mara nyingi ulirudia yaleyale. Mtu aliweza kuitwa daktari hajawahi kuzalisha hata mama mmoja!

Walioumia ni wazazi. Mwaka 1843 Dk. Oliver Wendell Holmes wa Boston aliandika kwamba homa inayoua wazazi baada ya kujifungua inabebwa na madaktari na wauguzi wenyewe, kutoka kwa mama mmoja hadi mwingine. Charles Meigs, profesa wa uzazi kule Philadelphia, akakataa katakata. Na huyo ndiye mwalimu jamani!

Mwaka 1910 Abraham Flexner akatoa ripoti baada ya kukaguliwa vyuo 155 vya Marekani na Kanada. Vingi havikuwa na maabara ya maana wala hospitali ya kufundishia. Miaka miwili baadaye Dk. Whitridge Williams wa Johns Hopkins alichapisha majibu ya maprofesa wa uzazi aliowauliza, yakionyesha wanafunzi wengi wanahitimu wameona uzazi mchache mno.

Mnaona tatizo lilikuwa wapi? Mwanafunzi kumgusa mama chini ya jicho la mwalimu siyo hatari. Hatari ni yule aliyehitimu bila kugusa, halafu anakuja kujifunzia kwako peke yake usiku.

Kwa hiyo ushauri wangu: mkubali, kwa masharti. Muulize jina lake, na nani anamsimamia. Msimamizi awepo pale pale, siyo ofisini. Wote wanawe mikono, wavae glavu. Likikosekana moja, sema hapana bila aibu.

Mimi mtoto wa kwanza kumpokea, mkono wa mwalimu ulikuwa juu ya wangu. Yule mama alikubali. Bila yeye, ningejifunzia kwako.

Wewe ungekubali? Niambie hapo chini.