Udogo wa gari si udogo wa mwenyewe

Majuzi nilialikwa harusini katika hoteli moja jijini Nairobi. Nilipofika langoni, bawabu alilitazama gari langu, kisha akaninyoshea kidole nikaliegeshe nyuma ya jikoni, kando ya mapipa ya taka. Gari lililonifuata lilikuwa kubwa, jeusi, lenye vioo vya giza. Hilo lilipigiwa saluti, likatafutiwa kivuli mbele ya mlango. Kadi zetu za mwaliko zilikuwa sawa, na bila shaka pilau tuliyoila ilitoka katika sufuria moja.

Simlaumu bawabu yule. Alitenda yale ambayo jamii imemfunza. Nchini mwetu utu wa mtu hupimwa kwa ukubwa wa gari lake, na mwenye kigari huulizwa kwa kejeli kama hukitia petroli au betri za kurunzi. Mzaha huo huchekesha, na hata mimi hucheka. Hata hivyo, mzaha unaorudiwa kila uchao hugeuka kuwa itikadi, na itikadi hii, msomaji, inawafilisi watu wetu na kuhatarisha maisha yao.

Gari ninalolizungumzia ni lile fupi lisilo na buti iliyochomoza nyuma, ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo. Katika miaka ya tisini tulizoea kuiona Toyota Starlet. Baadaye ikaja Toyota Vitz, iliyozinduliwa Japani mwaka wa 1999, pamoja na akina Nissan March, Mazda Demio na Honda Fit. Aghalabu hutufikia yakiwa yamekwisha kutumika ughaibuni, maadamu kanuni zetu huruhusu gari lisilozidi umri wa miaka 8. Kwa njia hiyo mwalimu, karani na mwenye duka wamepata kumiliki gari. Muuguzi anayetoka zamu saa nne usiku hana haja tena ya kusimama gizani akimsihi utingo.

Wanaolibeza gari hili hawajaliona siku ya kuwapeleka watoto shuleni. Laza viti vya nyuma, nalo litameza sanduku la bati, godoro, ndoo na blanketi, na bado mzazi na mwana wapate pa kuketi. Mwezi Desemba hulipeleka familia mashambani, na Januari likarudi na gunia la viazi na kuku wawili waliofungwa miguu. Ni kweli kwamba matuta yetu hulisugua tumbo, na mashimo yetu hulinyima usingizi fundi wa springi. Lakini hilo ni kosa la barabara.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu anayesafiri kilomita 40 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, huenda kilomita 880. Gari langu lenye injini ya lita moja hunipeleka kilomita 15 hivi kwa lita ya petroli, basi hutumia lita zipatazo 59. Gari kubwa linaloenda kilomita 7 kwa lita litahitaji lita 126. Mnamo Septemba 2023 bei ya petroli jijini Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa lita. Hata tukikadiria kwa hizo 200 tu, tofauti ni zaidi ya shilingi 13,000 kila mwezi, kabla hujataja bima, tairi na vipuri. Hiyo ni karo.

Ninaye rafiki, mwalimu mwenzangu wa zamani, aliyechoka kuchekwa na mashemeji zake. Aliuza kigari chake kilichokuwa kimelipiwa chote, akachukua mkopo, akanunua gari la kutisha. Kwa miezi kadhaa aliheshimiwa sana. Kisha marejesho yakamwelemea, gari likawa linakaa uani kwa kukosa mafuta huku yeye akipanda matatu, na hatimaye wenye fedha zao wakaja kulichukua alfajiri, majirani wakichungulia madirishani. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mashemeji waliomcheka hawakuonekana siku hiyo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dharau hii imewahi kupenya hata katika sera za kodi. Mwishoni mwa mwaka wa 2015 serikali ilianza kutoza ushuru wa bidhaa wa shilingi 200,000 kwa kila gari lililoagizwa likiwa na umri wa zaidi ya miaka 3. Kigari cha mwalimu na gari la kifahari la tajiri vilitozwa kiasi kile kile, hadi mpango huo ulipoondolewa mwaka wa 2016. Mswada wa Fedha wa 2024 nao ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Mwenye gari la shilingi 600,000 angalilipa 15,000, yaani asilimia 2.5 kamili. Mwenye gari la milioni 10 angalilipa 100,000, ambayo ni asilimia 1 tu. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi Juni mwaka huo huo, lakini lilituonyesha ni bega la nani huonekana jepesi kutwikwa mzigo.

Dharau iliyo mbaya kuliko zote iko barabarani. Mwaka jana nilikuwa naelekea Nakuru na mke wangu, watoto wakiwa wamefunga mikanda nyuma. Tulipoupita mji wa Gilgil, basi lililokuwa likija upande wetu lilijitokeza nyuma ya msururu wa malori, likawasha taa kali na kunijia moja kwa moja. Dereva aliniona vyema. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba wa kutoka barabarani ni mimi. Nikatoka. Tairi za kushoto ziliporomoka kutoka kwenye ukingo wa lami, gari likayumba, vumbi likatufunika, na kwa muda hakuna aliyesema neno ndani ya gari lile. Kisha mwanangu mdogo akauliza, “Baba, kwani hakutuona?”

Swali hilo sijapata jibu lake. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haimpi dereva haki ya kutangulia kwa sababu tu gari lake ni kubwa. Kanuni za mwaka wa 2004, enzi za Waziri John Michuki, ziliyawekea magari ya abiria vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Lakini itikadi ya ukubwa haisomi sheria.

Nasi wenye magari madogo tusijifanye malaika. Wako wanaosongamanisha watu wanane katika gari la watano. Wako wanaojaribu kulipita lori kwenye mlima wa Kinungi kwa injini ya lita moja, wakidhani nia njema itaongeza nguvu. Gari la uzito wa takriban tani moja halina ubishi na lori la tani 20, na anayeliendesha sharti awe na breki nzima, tairi zisizo vipara na subira ya kutosha. Mtu hujikuna ajipatapo, na akiisha kujikuna asijifanye ana mkono mrefu.

Kwa hivyo polisi wa trafiki wawaandame wanaowasukuma wenzao nje ya lami kwa ari ile ile wanayowasimamishia wenye vigari. Watunga kodi nao wakumbuke kwamba kigari ni chombo cha kazi. Nasi wazazi tuache kuwafunza watoto kwamba heshima hununuliwa kwa mkopo.

Ama bawabu wa hoteli ile, tulipoondoka jioni alinisaidia kutoka nyuma ya jikoni, akanitolea kilio chake: mvua ilikuwa inakaribia, na matatu za kwenda kwao zilikuwa zimepandisha nauli. Nyumbani kwake ni njia moja na kwangu. Nikamfungulia mlango, akaingia, na nafasi ikatutosha sote.