Haba na Haba Humaliza Kibaba

Tazama vitu vya dukani vilivyomo nyumbani mwako. Kisha waulize wazee: mwaka 1970 nyumba ya mkulima wa Tanzania ilikuwa na vitu gani? Watakutajia vichache: jembe, sufuria, koroboi, khanga, na baiskeli kwa mwenye uwezo. Redio ya betri ilikuwa fahari ya nyumba.

Mkulima wa pamba au kahawa alipata fedha zake nyingi baada ya kuuza mazao. Hapo ndipo aliponunua vitu vya kudumu. Siku nyingine alikwenda dukani kutafuta chumvi, sabuni, kiberiti na mafuta ya taa.

Kisha ikaja shida. Bei ya mafuta ilipanda duniani. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viligharimu fedha nyingi. Viwanda vikakosa vipuri na malighafi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipanga foleni kununua sukari na sabuni. Wengine walifua nguo kwa majani ya mpapai. Mtu aliweza kuwa na fedha mkononi, na bado akakosa kitu cha kununua.

Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Vitu vikarudi madukani. Mitumba ikajaa minadani. Baadaye zikaja simu za mkononi, na tangu mwaka 2008 tunatumiana fedha kwa simu. Siku hizi taa za sola zimeondoa koroboi katika nyumba nyingi.

Je, mabadiliko haya ni mabaya? Mimi nasema hapana. Taa ya sola haina moshi, na mtoto husoma usiku. Kwa simu mkulima huuliza bei kabla ya kupeleka mazao sokoni. Anayetaka turudi kwenye foleni za sabuni amesahau tabu yake.

Lakini iko hatari moja. Zamani fedha nyingi zilitoka kwa mkupuo, na watu wote wa nyumbani waliona kilichonunuliwa. Leo hutoka kidogo kidogo, kila siku, bila mtu kuona. Kipakiti cha sabuni ya unga, mafuta ya kula ya kupimiwa, vocha ya simu. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia humaliza kibaba!

Tufanye hesabu. Tuseme baba ananunua vocha ya shilingi 500 kila siku. Kwa siku 30 ni shilingi 15,000. Kwa mwaka mzima ni shilingi 182,500. Je, mama alishirikishwa? Huenda siku anapoomba fedha za madaftari ya mtoto huambiwa, "Hakuna." Fedha zilikuwapo, ila zimekwisha kwa vipande vya mia tano.

Wengine watasema, "Mwenye kidogo hununua kidogo." Ni kweli. Lakini kununua kidogo kidogo mara nyingi ni ghali zaidi. Basi majirani watatu au wanne wanaweza kuchanga, wakanunua dumu moja la mafuta na kugawana.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kuandika. Tenga daftari moja la nyumba. Andika tarehe, kitu na bei. Andika kila kitu, hata vocha na pombe. Mwisho wa mwezi baba na mama wakae pamoja, wajumlishe, kisha waamue kipi kiendelee na kipi kipunguzwe. Kusoma na kuandika ni silaha. Itumie kwanza nyumbani mwako.

Maswali ya kujadili

1. Nyumbani mwako mnanunua vitu gani kila siku?
2. Ni nani anayeamua matumizi ya fedha? Je, ni haki?
3. Ni kitu gani ambacho majirani mnaweza kununua kwa pamoja?