Kizuri Kilichojitembeza

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Wenzangu wengi hulishika neno hili hata katika mambo ya kompyuta. Wakiona programu inatolewa kwa bei ndogo, au bure, huipa kisogo na kusema kwamba ingalikuwa nzuri ingaliuzwa ghali. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu ni programu moja ya kuandikia iitwayo PC-Write.

Programu hii ilitungwa na Bwana Bob Wallace wa Marekani. Bwana huyu alikuwa mtu wa tisa kuajiriwa na kampuni ya Microsoft. Mwaka 1983 aliacha kazi hiyo, akaanzisha kampuni yake ndogo, Quicksoft, katika mji wa Seattle. Wakati ule kompyuta ya IBM PC ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na programu za kuandikia zilikuwa ghali mno. WordStar, iliyosifiwa sana siku hizo, bei yake ilikuwa dola 495.

Bwana Wallace alifanya jambo la ajabu. Aliuza diski yenye programu hiyo kwa dola 10, tena akawapa watu ruhusa ya kuinakili na kuwagawia rafiki zao. Aliyependezwa nayo aliombwa alipe dola 75, naye akapata kitabu cha maelezo na msaada. Zaidi ya hayo, kila nakala iliyolipiwa ilikuwa na namba yake. Mtu akipata nakala kwako, kisha akalipa, wewe ulipelekewa dola 25. Hesabu ni nyepesi: watu watatu wakilipa, dola zako 75 zimerudi zote.

Basi, je, ilikuwa programu nzuri? Nimeijaribu kwa msaada wa DOSBox, ambayo huiga kompyuta za zamani, nami nitasema mema na mabaya yake. Ubaya wake wa kwanza ni kwamba lazima ukariri vitufe vingi. Wa pili, kazi ya kuandika na kazi ya kuchapa karatasi zilifanywa na programu mbili mbalimbali. Wa tatu, kioo hakikuonyeshi ukurasa kama utakavyotoka. Aliyezoea programu za leo ataona kama anaandika gizani.

Walakini wema wake ni mkubwa. Ni nyepesi, na maneno hayachelewi kutokea. Tena huyahifadhi maandishi yako kwa herufi za kawaida, hata ukiyafungua leo kwa programu nyingine yatasomeka. WordStar, pamoja na bei yake yote, katika hati zake ilitia alama ya siri kwenye herufi za mwisho za maneno, na hati hiyo ikifunguliwa penginepo, herufi hizo huonekana vioja. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa. Chombo cha kuandikia hakina haki ya kuyafunga maneno ya mwandishi ndani yake.

Najua nitajibiwa kwamba wapo waliotumia PC-Write bila kulipa hata senti. Ni kweli, na wala hawakuvunja amri, maana waliruhusiwa kujaribu. Lakini waliolipa walitosha kuiendesha kampuni kwa miaka kadhaa, mpaka programu za Windows zilipoanza kuwavuta watu. Bwana Wallace alifariki mwaka 2002, na njia yake ya kuuza programu yafuatwa na wengine hata leo.

Kwa nini nayasema haya katika gazeti letu? Kwa sababu hapa shuleni sisi nasi twagawiana programu, lakini si kwa njia ya Bwana Wallace. Twachukua programu ghali iliyovunjwa kufuli, twaipitisha kwa flashi toka mkono hadi mkono, na twajivuna kuwa tumepata kitu cha thamani. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, wala sitajitia usafi. Muhula uliopita nilichomeka flashi ya namna hiyo, virusi vikaingia, na insha za wenzangu wanne zikapotea siku mbili kabla ya kukusanywa. Walioandika upya usiku kucha ni wao, si mimi.

Maoni yangu ni haya. Chama chetu cha Kompyuta kiache nakala za wizi, kitumie LibreOffice, ambayo wenyewe wameruhusu kila mtu aitumie na kuinakili bila malipo. Anayeidharau kwa sababu ni ya bure aandike kwayo insha moja kwanza, kisha aseme imemshinda wapi. Na siku moja tukipata mishahara, tuwakumbuke waliotupa vyombo vyao kwa kutuamini.

PC-Write ilijitembeza, tena ilitumwa kutembea. Iliingia nyumba kwa nyumba ikasema, nijaribu kwanza. Kitu kibaya hakithubutu kusema hivyo.

Mwanachama wa Chama cha Kompyuta,
Kidato cha Tatu