Jiwe la mpaka likipotea Lushoto: Ushahidi kwanza, futikamba baadaye

WAKULIMA wengi wa Lushoto wanaishi kwa kipande kidogo cha ardhi. Kabichi, karoti, viazi na pilipili hoho zinazopakiwa kwenye malori kwenda Tanga na Dar es Salaam hutoka katika vishamba vidogo, vingi vikiwa kwenye miteremko mikali ya Milima ya Usambara. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika wilaya hiyo, ikijumuisha Halmashauri ya Bumbuli. Watu wanaongezeka na milima ni ile ile, hivyo hatua tatu za ardhi zinatosha kugombanisha ndugu.

Ndiyo maana jiwe la mpaka, ambalo wengi hulijua kama bikoni, likipotea linaleta hasara ya fedha. Mnunuzi anasita, benki inarudisha maombi ya mkopo, na jirani anasogeza jembe lake kidogo kila msimu. Mwenye shamba anapokwenda kwenye baraza huulizwa swali moja: mpaka ulikuwa wapi?

Historia ndefu ya mawe

Usambara ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyoanza mapema kupimwa kwa vyombo. Wajerumani walivutiwa na baridi ya milima hiyo, wakaufanya mji wa Lushoto kuwa makao ya wilaya na kuuita Wilhelmstal. Sheria yao ya mwaka 1895 ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Walowezi wakagawiwa mashamba, na misitu ikaanza kuwekewa mipaka.

Baada ya vita vya 1914-1918 Waingereza waliyachukua mashamba ya Wajerumani na kuyauza upya. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru ikafuta umiliki wa ardhi wa kudumu uliorithiwa kwa wakoloni na kuugeuza kuwa wa kupangishwa na Serikali.

Kwa hiyo mpaka mmoja wa shamba la zamani unaweza kuwa na karatasi za zama tatu. Wajerumani walipima kwa mita. Waingereza walitumia futi, na mnyororo wa upimaji wenye futi 66, yaani mita 20.12. Anayesoma ramani ya zamani bila kujua kipimo chake anaweza kukosea tangu hatua ya kwanza.

Pembeni mwa mashamba hayo kulikuwa na ardhi ya koo za Wasambaa, ambayo haikuwa na ramani. Mipaka yake ilikuwa mito, njia, miti ya kudumu, masale na kumbukumbu za wazee. Sehemu kubwa ya ardhi ya vijiji bado inategemea ushahidi wa aina hiyo.

Kupotea kuna aina mbili

Katika kazi ya upimaji, jiwe lisiloonekana halihesabiki mara moja kuwa limepotea. Huenda nguzo imevunjwa, lakini mahali pake pakajulikana: vipande vya zege vimebaki chini, kuna kutu ya nondo, au shimo limejaa udongo wa rangi tofauti. Hapo mpima anarudisha jiwe pale pale lilipokuwa.

Aina ya pili ni pale ambapo hakuna alama wala shahidi. Hapo ndipo hesabu zinapotumika. Wapima ardhi wa Marekani wana kanuni za miaka mingi zinazotenganisha hali hizi mbili, na msingi wake unafaa popote: hesabu ni njia ya mwisho.

Sababu yake inaeleweka. Mpima wa kwanza alipoweka jiwe na majirani wakalikubali, mpaka uliwekwa siku ile. Ramani ni kumbukumbu ya kazi hiyo, na kumbukumbu inaweza kuwa na kosa la nusu mita. Jiwe halisi likikutwa mahali pake halisi, kwa kawaida lina nguvu kuliko namba za kwenye karatasi. Zinafuata alama nyingine za shambani na mipaka ya majirani, kisha vipimo. Ukubwa wa shamba kwa ekari huja mwisho kabisa.

Lakini kwa Usambara neno "mahali pake" lina uzito. Mvua kubwa huporomosha udongo na mawe nayo huteremka. Bikoni iliyokutwa bondeni ikiwa imelala haithibitishi kitu, hata kama ni ya kweli. Vivyo hivyo, mstari wa majani ya guatemala uliopandwa kuzuia mmomonyoko, kazi iliyohimizwa sana na mradi wa SECAP kuanzia mwaka 1981, hufuata usawa wa mteremko. Si lazima ufuate mpaka.

Mteremko unavyokula shamba

Kosa linaloweza kumgharimu mkulima wa milimani ni kupima kwa kulaza futikamba juu ya ardhi. Umbali ulioandikwa kwenye ramani ni wa usawa, kana kwamba kamba imevutwa hewani bila kupanda wala kushuka.

Chukua mfano wa shamba la mita 50 kwa 80, yaani karibu ekari moja, ambalo zile mita 50 zinashuka mteremko wa nyuzi 30. Anayelaza kamba chini na kuhesabu mita 50 amekwenda mita 43.3 tu za usawa. Amejipunguzia mita 6.7. Zidisha kwa upana wa mita 80: mita za mraba 536 zimekwenda kwa jirani, zaidi ya sehemu moja ya nane ya shamba. Ili kuifikia pembe halisi angepaswa kushuka na kamba mita 57.7.

Simu za mkononi nazo zina mipaka yake. Kipokea satelaiti cha simu ya kawaida kinaweza kukosea mita tatu hadi tano, na zaidi chini ya miti au kwenye bonde jembamba. Kinasaidia kujua pa kuanzia kutafuta. Hakifai kuchimbia nguzo.

Kazi inavyofanyika

Mpima mwenye leseni huanza ofisini. Hutafuta ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, ramani za mashamba ya jirani na maandishi ya mpima wa awali. Kwa mashamba ya kale, baadhi ya kumbukumbu za Wajerumani zimo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Akifika shambani hutafuta mawe yaliyosalia, angalau mawili na ikiwezekana matatu. Anapima kati yake na kulinganisha na ramani, kisha anafukua taratibu mahali panapokadiriwa. Wazee na majirani huitwa wote kwa pamoja, kila mmoja aonyeshe anachokijua mbele ya wenzake.

Ikishindikana kabisa, tofauti hugawanywa kwa uwiano. Tuseme ramani inasema kati ya jiwe A na jiwe C ni mita 120, na jiwe B lililopotea lilikuwa mita 50 kutoka A kwenye mstari huo huo. Kipimo cha leo kikitoa mita 119.40, B linawekwa mita 49.75 kutoka A. Upungufu unabebwa na pande zote mbili, wala hautupiwi jirani mmoja.

Mpima haamui mmiliki

Kazi ya mpima ni kusema jiwe lilikuwa wapi. Nani mwenye haki ni suala la kisheria. Anayetaka kurejesha ardhi anapaswa kufungua shauri ndani ya miaka 12, hivyo kunyamaza kwa kuona haya ujirani kuna gharama.

Mgogoro ukizuka, Baraza la Ardhi la Kijiji ndiyo hatua ya karibu ya usuluhishi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo linasuluhisha tu, haliamui kesi. Likishindwa linatoa uthibitisho, na zikipita siku 30 bila suluhu mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila uthibitisho huo. Huko atatakiwa kueleza ardhi inayogombewa kwa namna inayotambulika.

Asitegemee kwamba waamuzi watapanda mlima kumtafutia ushahidi. Mahakama ya Rufani ilieleza mwaka 1980 kwamba kutembelea eneo la mgogoro ni kwa nadra, kwa kuwa hakimu anaweza kugeuka shahidi bila kujijua. Ushahidi ni juu ya mwenye shamba.

Hatua za kuchukua sasa

Mkulima mwenye hati ahakikishe mawe yake kila mwaka baada ya masika, ayafyekee, na apige picha zinazoonyesha jiwe pamoja na nyumba au mti wa jirani. Jiwe likilegea asilisimike mwenyewe. Kuondoa alama ya mpaka kwa hila ni kosa la jinai, na hata aliyelisogeza kwa nia njema atakuwa ameharibu ushahidi.

Asiye na hati aitishe majirani wakati wazee wangali hai, wachore mchoro, waandike umbali kutoka alama za kudumu, na wote watie saini mbele ya mtendaji wa kijiji. Karatasi hiyo itamsaidia pia anapoomba hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Kwa anayenunua, ushauri ni kutembea mpaka mzima na majirani wote kabla ya kutoa fedha. Pembe moja isipoonekana, itafutwe kwanza na gharama iingizwe kwenye bei. Ni nafuu kumlipa mpima leo kuliko kulipa nauli za kwenda barazani kwa miaka kadhaa huku shamba halilimwi.