Pikapu inakula hela hata ikiwa imelala uani

Wafanyabiashara wenzangu, kila msimu wa mavuno hapa Dodoma nasikia maneno yale yale: "Nikishika milioni 30 nachukua Hilux, niachane na kulipa watu nauli." Nawaelewa. Ila kwa wengi wetu wa duka moja, mimi naona pikapu bado. Sio wivu, ni hesabu.

Tumchukue mtu wa nafaka anayefuata mahindi Kibaigwa, kule Kongwa. Ni karibu kilomita 90, kwenda na kurudi 180. Hilux ya dizeli na gunia 10 za kilo 100, tuseme lita moja inakupa kilomita 9. Hizo ni lita 20. Weka lita 3,000 ili hesabu iwe nyepesi (bei kamili EWURA wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi), unapata 60,000. Kukodi tuseme ni 130,000. Wengi wanaishia hapo: "nimeokoa 70,000!" Hapana bosi, subiri kwanza.

Gari ulilonunua milioni 30, ukiliuza baada ya miaka 5 kwa milioni 18, limekula milioni 12. Ni 200,000 kila mwezi, liwe limetembea au limelala. Bima kubwa, weka 100,000 kwa mwezi. Na usiniambie utakata ile ndogo: ile inamlipa uliyemgonga, gari lako likiungua utajijua mwenyewe. Tairi seti moja kwa miaka miwili, 60,000 kwa mwezi. Sevisi, bushi, breki, betri, 120,000. Mlinzi wa usiku 30,000. Jumla 510,000. Ile ada ya kila mwaka ya gari ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo usiiandike mara mbili.

Sasa gawa 510,000 kwa zile 70,000 za kila safari. Unahitaji safari 8 kwa mwezi ndipo gari lianze kukulipa. Ukiajiri dereva wa 250,000, ni safari 11. Wewe unaenda Kibaigwa mara ngapi kwa mwezi? Jibu kwa daftari, sio kwa kichwa.

Na bado sijagusa kubwa kuliko zote: zile milioni 30 zenyewe. Zikiwa dukani zinazunguka. Kama mzunguko wako unakuachia hata asilimia 3 kwa mwezi, hiyo ni 900,000 uliyoipaki uani. Ukiiweka kwenye hesabu, hata bila dereva unatakiwa safari 21. Hapo ni karibu kila siku uko barabarani, duka anauza nani?

Halafu kuna gharama ambayo haina risiti. Ukiwa na pikapu kwenu, wewe ndiye gari la ukoo. Msiba Mpwapwa, viti vya harusi, shangazi anahama Chang'ombe. Huwezi kukataa, na mafuta ni nadra kurudishiwa. Siwalaumu ndugu, ila lita zinaondoka.

Tena ukiamua kununua, angalia unachonunua. Dabo kebini inapendeza, lakini umelipia viti vya nyuma na bodi ya mzigo imekuwa fupi. Kama kazi ni gunia, chukua kebini moja.

Kuna wanaostahili kununua, tena mapema. Anayeingia vijijini mvua za Desemba hadi Aprili, ambako kirikuu inazama na Fuso haitaki kwenda, huyo bila gari la juu hanunui mzigo. Pia mwenye safari nyingi, au mwenye wenzake wanaomlipa kubebewa kila wiki. Na kweli, wakati wa mavuno magari ya kukodi yanaadimika na nauli inapanda, hiyo hoja naikubali. Lakini ni miezi michache, na gari utalilisha miezi 12.

Kwa waliobaki, mjini guta inatosha. Kibaigwa unganeni watatu wanne mpakie Fuso moja, mlipe kwa gunia. Kwenye hesabu yangu ya kukodi, gunia moja linakula 13,000. Anayejua nauli ya gunia Kibaigwa hadi Dodoma wiki hii aiandike hapa, tuitumie badala ya hii yangu ya kukadiria.